Mheshimiwa, Bajeti Yetu Ichapisheni Kwenye Kanga

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha wa Kaunti,

Pokea shukrani zetu kwa bajeti ya mwaka huu. Imetufikia ikiwa picha: kurasa zimelala upande, nyingine zimepinduka, na mhuri wa zambarau umetua juu kabisa ya jumla ya dawa za zahanati. Shabaha ya ajabu.

Twajua mmehangaika. Karani alikuwa na jedwali zima kwenye kompyuta, linajijumlisha lenyewe. Ikabidi alichapishe, aligonge mhuri, alipige skana, ndipo nasi tukeshe tukiliandika upya huku tukibishana kama ile ni 3 au 8.

Kwa kuwa mnapenda picha, mwakani ichapisheni kwenye kanga. Katikati, kwenye mji, wekeni mishahara na posho. Miradi ya maendeleo ikae kwenye pindo, izunguke pande zote nne bila kufika katikati. Iuzwe kwa doti kama ada, kipande cha bunge la kaunti na kipande cha wafadhili, ila safari hii si lazima vifanane. Jina liwe: UTAYAONA, HUTAYAJUMLISHA. Wauzaji wa Mtaa wa Biashara, Mombasa, watawashauri kuhusu rangi. Akina mama wakijifunga, angalau maandishi yatakuwa yamenyooka.

Mengine ni madogo. Mtutajie ile programu ya kulipia inayofungua faili za zabuni za zamani. Leseni tutaifanyia harambee. Na aliyeitia nywila orodha ya barabara apewe nishani.

Wala tunachoomba si kigeni: Rais Kibaki alizindua tovuti ya takwimu huria Julai 2011. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari. Lakini Agosti 2022, hata fomu 34A za matokeo ya urais zilikuja kama picha, vyumba vya habari vikaziingiza moja moja huku jumla zao zikipishana. Jedwali likihifadhiwa kama faili ya CSV, yaani maandishi matupu, hufunguka popote, na litafunguka hata kampuni iliyowauzia programu ikifa. Mnalijua hilo. Mwataka tuone, hamtaki tuhesabu! Pesa ni zetu, wagonjwa ni wetu, na jibu mmelizika chini ya wino.

Uniwie radhi, Mheshimiwa, sauti imepanda. Tunasubiri sampuli ya kanga kwa hamu. Kitambaa kikiwa ghali, jedwali lenyewe litatutosha. Karani anajua pa kubonyeza. Anangoja ruhusa yako tu.

Ni mimi,
Mlipa kodi wako