Namna ya Kukwepa Kiti cha Baraza la Wachawi

Kugo, babu yangu, baraka yako inatafutwa na laana yako inaogopwa, kutoka joto la Soin hadi juu kwenye chai ya Kericho. Basi barua itakuja tu: baraza la wenye nguvu za siri limekuteua mjumbe, joho lipo, posho ipo. Usikubali.

Anayeketi mbele ndiye anayeulizwa mvua iko wapi. Kimnyole arap Turukat, orkoiyot, yaani kiongozi mtabiri, wa Wanandi, alisifika kwa kuiona kesho. Misiba ilipoandamana, mnamo 1890, watu wake mwenyewe walimpiga marungu hadi kufa.

Tena mwenye kiti hupatikana kirahisi. Mwana wa Kimnyole, Koitalel arap Samoei, alikwenda kukutana na Waingereza kwa mazungumzo ya amani tarehe 19 Oktoba 1905, Richard Meinertzhagen akampiga risasi. Mjukuu, Barsirian arap Manyei, alitiwa kizuizini 1923 na kuachiliwa 1964, Kenya ikiwa imeshapata uhuru. Posho gani ya kikao italipa miaka hiyo?

Ukiona hayo ni ya Nandi, sikiliza ya Kericho, maana hapa ndipo penye uchungu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahsusi ya kuwaondoa Talai, ukoo wa maorkoiyot, miongoni mwa Wakipsigis. Mamia walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, penye malaria na mbung'o. Hawakwenda wazee wenye sifa peke yao. Walikwenda wake zao, na watoto ambao hawakuwahi kumtabiria mtu chochote. Kwa hiyo kabla ya kuvaa joho, waite wajukuu wako wote, uwatazame mmoja mmoja.

Majirani wakikung'ang'ania, tumia njia ya zamani. Orkoiyot wa Wanandi hakuwa na haja ya kukaa kikaoni: alituma maotik, wajumbe wake, wakasikiliza na kumrudishia habari. Mtume kijana mwenye masikio mazuri, wewe ubaki na maziwa yako ya mursik. Kwenye kokwet, baraza la kijiji, nenda, lakini nenda kama jirani. Pale chini ya mti panaamuliwa mpaka wa shamba na ng'ombe aliyekula mahindi ya watu, na kinachohitajika ni subira. Hiyo ndiyo kazi ya mzee, nami naiheshimu kuliko uganga wote.

Wakikataa kabisa kukuacha, toa sharti moja. Mwaka 2022 Wakipsigis na Talai waliishtaki Uingereza kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kwa sababu ya ardhi waliyonyang'anywa. Sema ajenda ya kwanza iwe ardhi hiyo, na familia za waliorudi kutoka Gwassi bila pa kulima. Wakikujibu kwamba hilo litajadiliwa kwenye mengineyo, chukua fimbo yako, uteremke Soin.