Gramu 10 au 14?

Mvuvi wa Marekani anayevua samaki aitwaye besi ana boti ya bei ya gari na mtambo wa sona unaomwonyesha samaki alipo, lakini usingizi hapati: kesho atupe chambo bandia chenye vibati vinavyozunguka majini, cha gramu 10 au cha 14? Maskini! Penye kina kifupi, chepesi. Kwenye kina kirefu, upepo au akitaka kuvuta mbio, kizito. Kibati cha duara hukiinua chambo zaidi kuliko kile chembamba mfano wa jani. Basi, somo limekwisha. Ila likiisha upesi hivyo, sanduku la nne la vyambo atauziwa nani? Na besi mwenyewe, baada ya hesabu zote hizo, hupimwa, hupigwa picha, hurudishwa ziwani.