Niachieni Kava Langu

Mombasa hii ukitaka ushauri wa bure, simamisha gari kando ya barabara ufungue boneti. Kabla hujasimika kile chuma cha kuizuia, watakuwa wamekuzunguka: muuza maji, dereva wa tuktuk, mzee anayekwenda kuswali Alasiri, na kijana asiye na gari wala leseni ila shemeji yake aliwahi kuwa na Subaru. Na siku hizi wote hao, kana kwamba wamefundishwa chuo kimoja, wananiambia jambo moja: ng'oa lile kava la chini.

Kwa wasiowahi kulala chini ya gari, na nawaonea wivu, kava lenyewe ni bapa la plastiki nyeusi linalofungwa chini ya injini, kuanzia nyuma ya bampa la mbele likirudi ndani. Magari mengi ya Japani huja nalo. Langu ni Impreza WRX, lita 2, lenye turbo, na lilishuka Kilindini likiwa na kava zima na bolti zake zote. Huko lilikotoka alikuwapo mtu aliyelifunga kwa spana ya saizi yake. Tangu siku hiyo halijapata kufungwa hivyo tena.

Wa kwanza kulitangazia vita alikuwa fundi wangu.

"Bosi, hii plastiki ni ya watu wa theluji. Mombasa kuna theluji?"

Nikasema hakuna.

"Basi yafanya nini hapa?"

Nikamwangalia. Alikuwa amelala chali juu ya katoni, jasho linamwingia machoni, spana mkononi, na mbele ya pua yake safu ya bolti na klipu ambazo lazima azifungue moja moja kabla hajaiona sampu ya oili. Filta ya injini hii nayo iko chini kabisa, jirani na mabomba ya ekzosi. Kava lisipokuwapo, fundi anapeleka mkono, anazungusha, anamaliza kabla chai yake haijapoa. Nikaelewa kwamba theluji imesingiziwa. Katika mjadala huu wote sijaona fundi anayetaka kava libaki. Mwenye kulala chini ya gari ana maslahi yake, na mwenye kukaa juu ana yake, ila wa chini ndiye mwenye spana.

Basi nikakataa, na fundi akanilipizia kwa namna ambayo huwezi kwenda kuishtaki. Kila gari linapotoka service, bolti moja haionekani. Nikiuliza naambiwa ilikuwa imekatika, au ilikuwa imeliwa na kutu ya chumvi ya pwani, au haikuwapo tangu mwanzo na mimi ndiye sikuangalia. Mahali pa bolti pakafungwa waya wa kufungia vyuma vya nyumba. Mahali pa klipu pakatiwa skrubu ya mbao. Nasema ya mbao, ile ya kufungia kabati, imezamishwa kwenye plastiki ya gari la turbo na mtu aliyenitazama usoni akaniambia "hiyo haitoki, bosi."

Ilitoka baada ya Mackinnon Road, nikielekea Nairobi. Ncha ya mbele ya kava ilipoachia, upepo uliingia ndani yake na chini ya miguu yangu kukaanza mngurumo uliowafanya watoto waache kugombana, jambo ambalo mimi na mama yao hatujawahi kulifanikisha. Nikasimama kando. Malori ya Uganda yakipita yananitikisa. Nikafunga kwa kamba ya hijabu ya mama watoto, ambaye hadi leo ananikumbusha hijabu ile kila bajeti ya gari inapotajwa. Kwa hiyo watu wakiniambia kava ni hatari, nawajibu kwamba kava lililofungwa halina neno, na lililong'olewa halina neno pia. Hatari ni lile lililofungwa nusu. Gari langu linaishi hapo kwenye nusu, kwa sababu ya skrubu za kabati.

Nikaipeleka kesi barazani kwenye kahawa, nikitumai hekima. Ami yangu ndiye mwenye sauti kubwa pale, na hoja yake ilikuwa Safari Rally. Colin McRae alishinda Safari mwaka 1997 na Impreza, akasema, na Richard Burns akashinda mwaka 2000 na Impreza vilevile. "Na Patrick Njiru wetu mwaka 93 alimaliza na Vivio, kigari kama kiatu. Wataka kuniambia Njiru alikuwa na plastiki?"

Ami, plastiki hakuwa nayo. Magari ya Safari huvaa ngao nzito chini ya injini, kwa sababu mawe ya huko hayana adabu. Hakuna dereva wa Safari aliyekwenda na tumbo wazi ili apate upepo. Nikimwambia hivyo, ami ananijibu kwamba nami basi nifunge chuma. Nifunge chuma nende nacho wapi? Ngao ina uzito wake, na safari yangu ndefu ya wiki ni Nyali kwenda Kongowea kununua samaki.

Hoja iliyonisumbua kweli ilitoka Dubai. Binamu yangu fundi huko akanipigia akasema wenye Porsche za zamani wanang'oa kava, tena watu wenye pesa, tena wanajua. Nikakosa usingizi, kwa sababu binamu huyo si mtu wa porojo. Kesho yake nikamtaka anieleze, na akaeleza vizuri. Porsche 911 za zamani, pamoja na zile za 964 zilizotoka mwaka 1989 na 993 zilizozifuata hadi mwaka 1998, injini zake ziko nyuma na hupozwa kwa hewa. Feni kubwa huvuta upepo kutoka juu na kuusukuma chini kupitia kwenye silinda, na upepo ule ukishapata moto njia yake ni kutokea chini. Kava la 964 liliwekwa ili gari liteleze vizuri hewani na kelele zipungue. Sasa mtu akiwa Dubai, mwezi wa Julai, barabara inachemka, anatazama bapa lililoziba mlango wa kutokea joto, anaona heri kelele. Mbali na joto, injini zile zinajulikana kwa kudondosha oili, na kava huificha oili hadi iwe nyingi. Kwa hiyo anang'oa. Nami ningeng'oa.

Lakini Subaru langu lina rejeta, lina maji, na injini iko mbele! Upepo unaingia kwa mbele, unapita kwenye rejeta, kisha lazima upate pa kutokea huko chini nyuma. Kava likiwapo, upepo wa chini ya gari unapita umenyooka, na ule wa moto unavutwa nje nyuma yake. Liondoe, upepo wa chini unapanda juu kwenye injini, unagongana na ule unaotaka kutoka. Ukiwa kasi, unaweza kujikuta umeondoa kava kwa ajili ya joto na joto likakaa palepale. Na kwenye foleni ya Changamwe hakuna upepo wa aina yoyote, hapo kazi yote ni ya feni. Feni yangu ikifa Changamwe, sitaokolewa na tundu chini ya injini.

Nilipoyasema haya barazani, kijana mmoja akanionyesha lile tundu la juu ya boneti. "Mbona hilo lipo? Si la kupoza injini?" Si la kupoza injini, mwanangu. Linapeleka upepo kwenye intakula, ile rejeta ndogo inayopoza hewa inayotoka kwenye turbo kabla haijaingia kwenye silinda. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyemkuta mzee akibishana na simu.

Jirani yangu hana habari ya joto. Yeye anataka nitoe kava ili gari lisikike. Tangu lini mtu akalalamika kwamba Subaru halisikiki? Injini za magari haya silinda zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, na kwa mabomba ya ekzosi yaliyokuja nazo mlio wake mtaa mzima unaujua. Nikirudi usiku mbwa wa nyumba ya pili hutangulia kubweka. Shemeji yangu naye anasema kava ni uzito. Bapa la plastiki! Shemeji mwenyewe akipanda mbele, gari linainama upande, na siku hiyo hatumtajii mtu uzito.

Isitoshe, tumbo la gari si pa kudharau. Mwaka 1978 Mario Andretti alichukua ubingwa wa dunia wa Formula 1 na Lotus 79, gari ambalo nguvu yake ilitokana na jinsi hewa ilivyopitishwa chini yake, likawa linanyonywa na barabara kwenye kona. Sidai kwamba langu linanyonywa na barabara. La kwangu barabara inalitafuna, hasa pale kivukoni Likoni maji yakiwa yametoka, daraja la feri linasimama wima na kila gari lililoinamisha pua linaacha sehemu yake pale. Siku hizi kuna njia ya Dongo Kundu na nazungukia huko kwa furaha, petroli iwe bei yoyote. Bila kava, kinachokwaruzwa mahali pa plastiki ni kitu chenye oili ndani yake.

Na masika je? Bamburi mvua ikinyesha saa moja, barabara inakuwa mto wenye mchanga. Tope lile, kava lisipokuwapo, linarushwa na matairi hadi kwenye mikanda, feni na soketi za waya. Fundi anayenihimiza ning'oe ndiye huyohuyo atakayeniuzia soketi, mkanda na feni. Simshuku kwa lolote, nahesabu tu.

Hata hivyo haki itendeke. Kava langu nalo lina dhambi zake. Injini hizi zina desturi ya kuvujisha oili kwenye vifuniko vya valvu, kwa vile silinda zimelala na oili hutulia palepale kwenye gasketi. Tone likianguka, linaangukia kava, halifiki chini. Unaegesha gari juu ya sakafu safi ukajisifu kwamba halivuji, kumbe limeweka akiba. Na ukibadilisha filta, oili inayomwagika inakusanyika kwenye kava, na siku mbili tatu ndani ya gari kunanuka kama pale penye kaangio la viazi karai. Gari lililovuja kweli, kava litolewe, paoshwe kwa sabuni, uvujaji ufuatwe hadi chanzo chake, na gasketi ibadilishwe. Kisha kava lirudi. Hilo la kurudi ndilo fundi wangu husahau, kwani gasketi ikishawekwa na pesa ikishalipwa, kava hubaki limeegemezwa ukutani nyuma ya gereji, limekaliwa na kuku.

Kwa hiyo kava linabaki, na mjadala huu kwangu umefungwa. Wewe mwenye Subaru unayesoma hapa, nunua klipu za akiba na bolti za saizi yake, uzitie kwenye kopo, kopo ulitie kwenye buti. Ukifika gereji, kaa palepale, usidanganywe na chai, uhesabu zinazotoka na uhesabu zinazorudi. Na ukimwona fundi ameshika skrubu ya mbao, chukua ufunguo wako.