Sifa za Gari la Kaunti Msimu wa Kampeni

Miongoni mwa watumishi wa umma nchini Kenya, ni vigumu kumpata anayestahili sifa kuliko gari la kaunti, yaani lile ambalo kibao chake cha namba hubeba tarakimu za kaunti yake na herufi CG, na ambalo tangu serikali 47 za kaunti zilipoanza kazi baada ya uchaguzi wa 2013 limesafirisha dawa, mbegu, maofisa wa kilimo na, kila baada ya miaka 5, hamu ya mkubwa wake ya kurudi madarakani. Wanasheria hawalipendi. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 kinamkataza mgombea kutumia rasilimali za umma kufanya kampeni, yaani mali inayonunuliwa na kutunzwa kwa fedha za walipa kodi, na tena kinaiagiza Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka imtake kila gavana, mbunge au mwakilishi wa wadi anayegombea aeleze kwa maandishi vifaa alivyo navyo kwa ajili ya cheo chake. Heshima iliyoje! Wapambe wanaomshangilia mgombea kutwa nzima hawaulizwi na Tume, ila gari linaulizwa.

Wagombea wengine huchangiwa na marafiki zao, lakini mwenye gari hili huchangiwa hata na wapinzani wake, kwa kuwa mama mboga aliyelipa ushuru wa soko asubuhi amekwisha kununua sehemu ya dizeli itakayomfikisha jukwaani mtu asiyekusudia kumpigia kura. Na ukarimu huo haujitangazi, kwani kadiri uwanja wa mkutano unavyokaribia ndivyo kibao cha namba kinavyojisitiri, mara kwa bango la chama, mara kwa matope ambayo, kwa sababu ambayo wataalamu wa hali ya hewa hawajaieleza, hurukia kibao peke yake na kuiacha milango iking'aa, hata katikati ya kiangazi.

Pamoja na haya hiyo, gari lina elimu ya sheria. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Uchaguzi humtaka ofisa wa umma anayegombea ajiuzulu miezi 6 kabla ya siku ya kura, lakini kinawaondoa magavana na wabunge katika sharti hilo, kwa hiyo gavana anayetetea kiti hubaki gavana mpaka mrithi wake aapishwe. Katika mwanya huo ndimo ilimozaliwa ziara ya kukagua miradi, safari rasmi inayoanzia kwenye zahanati isiyoezekwa, ambako paa linalokosekana hukaguliwa kwa dakika chache, na kuishia sokoni, ambako umati hukaguliwa kwa kipaza sauti hadi jioni. Jaji atakayetaka kujua kazi iliisha katika kilomita ipi na kampeni ikaanza katika ipi hatasaidiwa na gari, kwani mafuta yake hupungua kwa mwendo uleule. (Ambulensi, kwa haki, huegeshwa karibu na jukwaa kwa hoja nzito zaidi: watu huzimia kweli.) Wapo wanaouliza mgonjwa wa kijijini alifikaje hospitalini siku hiyo, lakini hilo ni swali la kiufundi, na hujibiwa na bodaboda.

Uaminifu wake ndio unaozidi yote. Katiba humwekea gavana ukomo wa vipindi 2, ilhali gari halina ukomo ila mnada. Mpinzani aliyelipiga picha akiwa amejibanza nyuma ya kibanda, akaiwasilisha picha hiyo kuwa ushahidi, anaposhinda hulikuta gari lilelile likimngoja langoni, limeoshwa, kibao kikisomeka, bila kinyongo chochote, na dereva akiuliza kwa adabu ziara ya kukagua miradi itaanzia wadi ipi.