Lawama za Mlangoni

Mfumo wa ushirika wetu wa kahawa ukigoma, hakuna anayeuliza nani aliuandika. Hakuna anayeuliza kama umeme umekatika, au kama huyo anayelalamika ana bando. Wanauliza mimi niko wapi. Na hapa Susuni mtu hajifichi: ukikosekana nyumbani watakuulizia kwa mama, ukikosekana kwa mama watakufuata gulioni, na katibu atakupata tu. "Mura, kile kidude chako cha mlangoni kimezingua tena."

Shikamoo mzee. Kidude changu cha mlangoni kinaitwa proksi, na nitaeleza kazi yake leo ili nisiulizwe tena. Mkulima analeta kahawa, mpimaji anapima, kilo zinaingizwa kwenye mfumo kwa simu. Mfumo wenyewe umekaa kwenye seva ya kukodi, mbali na huku, na hauzungumzi na mtu yeyote ana kwa ana. Mbele yake kuna programu nyingine inayopokea kila ombi kwenye poti 443, inalipeleka ndani, inangoja jibu, kisha inamrudishia aliyeomba. Ni kazi ya karani wa masijala: barua unampa yeye, afisa humwoni, majibu unayachukua kwake, na afisa akisinzia, matusi unamporomoshea karani.

Programu yenyewe ni Nginx. Aliiandika Mrusi mmoja, Igor Sysoev, wakati akifanya kazi Rambler, akaitoa kwa umma mwaka 2004, kwa sababu seva za enzi hizo zilikuwa zinahema zikifikiwa na watu 10,000 kwa pamoja. Mwaka 2019 kampuni ya Nginx ilinunuliwa na F5 ya Marekani kwa dola milioni 670. Nataja bei hiyo makusudi ili katibu aisome. Mimi naitunza programu hiyohiyo kwa malipo ya chai, chapati, na "tutaangalia msimu ukifika".

Kero yangu ya kwanza ni hii. Mfumo wa ndani ukizimika, mtumiaji haoni jina la mfumo. Anaona ukurasa mweupe, nambari 502, na chini yake, katikati kabisa, neno "nginx". Aliyelala ni mwingine, anayetia saini ni aliyekuwa macho! Nilitafuta namna ya kuifuta saini hiyo. Upo mpangilio unaoficha namba ya toleo. Jina linabaki palepale. Katibu ameshalikariri, siku hizi analitamka vizuri kuliko la mkwe wake.

Halafu kuna 504. Proksi usipoiambia vinginevyo, inangoja jibu kutoka ndani kwa sekunde 60, basi. Sasa jamaa wa Dar es Salaam aliyeuandika mfumo alitengeneza ripoti ya msimu inayojumlisha kilo za kila mkulima kwa mwendo wa kobe, dakika mbili na ushee. Nikamwambia aiharakishe. Akaniambia niongeze muda wa kungoja. Nikaongeza. Mhasibu akikaa dakika nzima akitazama kioo anadhani simu imeganda, anabonyeza tena, kisha tena, ripoti tatu zinakimbizana ndani ya seva moja ya bei poa, seva inazidiwa, tunarudi kwenye 502. Jamaa wa Dar es Salaam hajapigiwa simu hata siku moja.

Faili la mipangilio nililirithi. Fundi aliyenitangulia alikwenda Nyamongo kutafuta dhahabu, na simu yake haipatikani, huenda ameipata. Ndani ya faili aliniachia maelezo mawili tu. La kwanza: "usiguse hapa". La pili: "na hapa".

Kisa cha nywila kilitokea hapo pa kwanza. Mfumo una kinga nzuri sana kwenye karatasi: anwani moja ikikosea nywila mara tano, inafungiwa nusu saa. Lakini mfumo hauwaoni watu. Unaiona proksi tu, nayo proksi iko kwenye mashine ileile, kwa hiyo kila ombi linaonekana limetoka 127.0.0.1, yaani humohumo nyumbani. Kwa macho ya mfumo, mpimaji wa Susuni, mhasibu aliyeko Tarime mjini na tapeli wa sijui wapi ni mtu mmoja. Basi mpimaji mmoja, mzee wa heshima zake, aliyekuwa ameandika nywila yake kwenye ukuta wa ghala, akakuta ukuta umepakwa chokaa. Akabahatisha. Alipokosea mara ya tano, ushirika mzima ukafungiwa nje.

Magunia yamepangwa, wakulima wamekaa juu yake, kila karani anaandika nywila iliyo sahihi na kila karani anakataliwa. Katibu akatangaza kwamba tumedukuliwa. Mjumbe mmoja wa bodi akasema ni Wakenya. (Mpaka hauko mbali, na Wakenya wametusaidia miaka mingi kueleza mambo tusiyoyaelewa.) Nusu saa ikapita, mfumo ukafunguka wenyewe, wakashangilia. Yule mzee, ambaye hakuna aliyemwambia kitu, akaendelea kubahatisha. Tukafungwa tena.

Dawa ilikuwa mstari mmoja unaoiagiza proksi kwamba, ikipeleka ombi ndani, iandike kwenye kichwa cha ombi anwani halisi ya aliyelileta. Hicho ndicho mafundi wanachokiita X-Forwarded-For. Upande wa mfumo nako unahitajika mstari wa kuuambia uamini maelezo hayo yakiwa yametoka kwa proksi yetu peke yake, maana mtu wa nje anaweza kujiandikia anwani yoyote impendezayo. Na unajua nini? Mstari wa kwanza ulikuwemo kwenye faili. Fundi wa dhahabu aliuandika vizuri kabisa, kisha akaubandika alama ya reli mbele, usisomwe. Juu yake ndipo palipoandikwa "usiguse hapa".

Nikauondolea reli, nikapima kwa nginx -t. Amri hiyo nayo ina mambo yake. Inakagua kama mabano yamefungwa, nuktamkato zipo na mafaili yaliyotajwa yanapatikana, basi inakwambia mtihani umefaulu. Kama njia ulizoandika zinampeleka mkulima porini, hiyo si shida yake. Alama moja ya "/" mwishoni mwa anwani ya proxy_pass inatosha: ukiiweka, kipande cha mwanzo cha njia kinabadilishwa kabla ombi halijaingia ndani, usipoiweka, njia inaingia nzima. Mtihani unafaulu kwa hali zote mbili.

La "na hapa" lilihusu picha. Nginx ikiachwa ilivyo hukataa mzigo unaozidi megabaiti 1, inarudisha 413, na mfumo wa ndani hata haujui kama kuna mtu alibisha hodi. Kipimo hicho hakikuzijua simu za siku hizi. Makarani wanapiga picha ya risiti ya mzani kwa simu ambazo picha moja ina megabaiti 4, risiti yenyewe ina mistari sita, na nusu ya picha ni kidole. Nikapandisha kipimo hadi 20. Hakuna aliyeshukuru, kwa kuwa kitu kikifanya kazi hakina mwenyewe.

Vyeti vya usalama sitavisemea sana. Let's Encrypt wanavitoa bure tangu 2015, vikawa vinadumu siku 90, na kompyuta inaweza kuvihuisha yenyewe usiku. Lakini Nginx inaendelea kutumia cheti ilichokisoma mara ya mwisho mpaka uiambie isome upya. Kwa hiyo unaweza kuwa na cheti kipya kabisa kwenye diski huku simu za wakulima zikionya kwamba tovuti si salama, na wakulima, kwa historia yao na ushirika, wanaelewa kwamba hela zimeliwa. Mwaka 2025 watoa vyeti na wenye vivinjari walipiga kura: kuanzia Machi 2029 cheti hakitazidi siku 47. Sikuitwa kwenye kikao hicho.

Kazi yote hii naifanya kwa bando la simu, nimekaa upande wa nyumba wenye mtandao, ambao kwa bahati mbaya ndio upande ambao simu hukaribishwa Kenya na salio kuliwa kama nimesafiri. Na Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ikasuasua Afrika Mashariki nzima, katibu alinipigia kabla ya taarifa ya habari. Alitaka niwashe upya kidude cha mlangoni.

Sasa ombi langu kwa ndugu zangu wa ushirika. Mkiona 413, nipigieni, hilo ni la kwangu. Mkiona 502 au 504, namba ya jamaa wa Dar es Salaam imebandikwa kwenye mlango wa ghala, mpigieni yeye. Na anayenitafuta mimi apige kweli, asinibipu.