Feza ya Leta Haina Haraka

Hapa Kasulo, mtaa wa Kolwezi, tumezoea pesa inayotoka chini ya kitanda. Mwaka 2014 mkazi mmoja wa mtaa huu alichimba kwenye kiwanja chake akakuta heterojeniti, lile jiwe jeusi lenye kobalti, na kabla majirani hawajamaliza kushangaa, kila nyumba ilikuwa na shimo lake: uani, jikoni, mpaka chumba cha kulala. Jiwe lilitoka asubuhi, likapelekwa depo, mnunuzi akalipima kwa Metorex, ile mashine ya kusoma kiwango cha madini, na jioni familia ikala bukari kwa nyama. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, mamia ya kaya yakahamishwa, na uchimbaji ukawekwa chini ya utaratibu mpya. Lakini mazoea ya kulipwa siku hiyo hiyo hayakuhamishwa na mtu. Ukimwambia mtu wa Kasulo asubiri, anadhani umemtukana.

Ndiyo maana shemeji yangu hakustahili hata kidogo kukutana na TVA.

Shemeji ana duka la buti, helmeti, glovu na kamba. Mauzo yake kwa mwaka yanapita franka milioni 80, kwa hiyo sheria inamtaka atoze TVA, ile kodi ya ongezeko la thamani iliyoanza kazi nchini Kongo tarehe 1 Januari 2012. Mambo yake si magumu. Ukiuza, unamtoza mteja asilimia 16. Uliponunua mzigo, na wewe ulitozwa asilimia 16. Kila mwezi, kabla tarehe 15 haijapita, unapeleka tamko la mwezi uliopita, unatoa ulichotozwa kwenye ulichotoza, unalipa kinachobaki. Vitabu vyake naandika mimi, kwa sababu najua hesabu, na kwa sababu dada yangu ameamua hivyo.

Mwezi wenyewe ulikuwa mbaya. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwenda nje, kwanza kwa miezi minne, kisha ikaongeza mitatu. Wanunuzi wa madini wakakunja mikono, wachimbaji wakakunja mifuko, na hakuna aliyekumbuka kununua buti. Shemeji, kwa bahati yake, alikuwa ndiyo kwanza amejaza duka. Alinunua mzigo wa franka milioni 25, akatozwa TVA milioni 4. Akauza wa milioni 10 tu, akatoza milioni 1.6. Mstari wa chini wa tamko ukaonyesha salio la milioni 2.4 upande wake.

Nilipomsomea, aliinuka kwenye kiti. Serikali kwetu tunaiita Leta.

“Yaya, kumbe Leta iko na deni yangu!”

Nikamwambia ndiyo, kwa namna fulani. Yale maneno matatu ya mwisho hakuyasikia. Alikuwa ameshatoka nje kumwita mke wake.

Kufikia Jumapili habari ilikuwa imezunguka mtaa. Mpwa wetu aliyekuwa akitafuta mahari alikuja kusalimia na kukaa mpaka chakula kikaiva. Mchungaji alimtaja shemeji katika maombi. Na shemeji mwenyewe akaenda mjini, akalipa kianzio cha kongelateri kubwa nyeupe, iliyobaki akaahidi kuimaliza “feza ya Leta ikifika”. Mpango ulikuwa kuuza samaki aina ya Thomson na soda baridi mbele ya duka. Kongelateri ililetwa kwenye mkokoteni, vijana wanne wakisukuma na watoto wote wa njia ile wakisindikiza. Ikawekwa mahali pa heshima, ikachomekwa kwenye umeme, na hapo ndipo tulipokumbuka kwamba umeme wa upande wetu ulikuwa umeondoka bila kuaga.

Jirani yetu mmoja, mzee mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, alikuja kuitazama. Mzee huyu alitoka Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mwaka 2003, katika ile operesheni ya kuondoka kwa hiari iliyogharamiwa na Benki ya Dunia, ambayo ilirudisha nyumbani wafanyakazi zaidi ya 10,000. Katika somo la kusubiri malipo, yeye ni profesa.

“Tamko ulipeleka lini?” akamuuliza shemeji.

“Wiki hii, papa.”

“Mtoto wako wa mwisho ana miaka mingapi?”

“Miwili.”

“Mpeleke shule mapema, ajue kusoma. Ndiye atakayetia saini ya kupokea.”

Shemeji hakucheka. Kesho yake alivaa shati la kanisani, akanichukua, tukaenda ofisi ya kodi. Kwenye dirisha alikuwako mama mmoja mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma tamko letu lote, jambo ambalo watu wengi hawalifanyi, halafu akauliza:

“Papa, unauza nje ya nchi?”

“Ndiyo, mama.”

Nilimgeukia. Yeye hakunitazama.

“Nchi gani?”

“Zambia. Dereva mmoja wa lori alinunua jozi kwangu, akavuka nayo Kasumbalesa. Tena buti zangu ndizo zinazovaliwa na wachimbaji, na kobalti wanayochimba inaenda China. Basi nami nimeuza China.”

Mama alivua miwani. Akaeleza taratibu kwamba kuuza nje kunathibitishwa kwa karatasi za forodha, siyo kwa miguu ya dereva. Sheria ya TVA ya Agosti 2010 inasema hivi: salio la mfanyabiashara wa kawaida halirudishwi kwa pesa taslimu. Linabebwa kwenda mwezi unaofuata, likapunguze kodi ya mwezi huo, na likibaki linabebwa tena. Wanaoweza kuomba kurudishiwa ni wachache: wanaouza nje, kampuni za migodi na mafuta zilizo katika uwekezaji, wenye uwekezaji mzito, na waliofunga biashara.

Shemeji aliruka yote, akashika la mwisho.

“Kwa hiyo, mama, nikifunga duka nalipwa?”

“Unaweza kuomba, papa.”

“Nitalipwa lini?”

Mama alirudisha miwani machoni, akamwita aliyekuwa nyuma yetu.

Njiani shemeji alinung'unika kwamba sheria inawapendelea wakubwa. Nikamwambia afadhali yeye. Angalia kampuni kubwa hapa Kolwezi. Shaba na kobalti zao zikitoka nje zinatozwa TVA ya asilimia sifuri, lakini vipuri na huduma wanazonunua wanatozwa 16. Maana yake kila mwezi, mwaka nenda mwaka rudi, salio linaangukia upande wao. Wao haki ya kurudishiwa wanayo kwenye karatasi. Ombi linapelekwa, linakaguliwa, linakubaliwa, kisha linakaa kusubiri hazina iwe na pesa, na pesa yenyewe, ilipolipwa, haikuwekwa kabatini ikingoja mwenyewe. Chama cha kampuni za madini ndani ya FEC, shirikisho la wafanyabiashara, kimelalamika miaka mingi juu ya deni la mamia ya mamilioni ya dola. Wahasibu wa kampuni hizo, watu wenye digrii, huligawa deni vitabuni: linalotarajiwa ndani ya mwaka, na lile la baadaye. Hakuna hata mmoja aliyenunua kongelateri kwa lile la baadaye.

Wala si kwetu tu. Ng'ambo ya Kasumbalesa, Zambia ilizuia marejesho ya TVA ya migodi kwa sababu wasafirishaji walitakiwa kuleta karatasi za forodha za nchi shaba ilikofikia, na shaba ikiwa safarini huuzwa tena kabla haijashuka melini. Ugomvi ule ulidumu mpaka kanuni ilipolegezwa mwaka 2015. Mwaka 2018 wakatangaza kwamba TVA yenyewe itafutwa, na mwaka 2019 wakabadili mawazo.

Hadithi ya shemeji haikuishia pabaya. Kongelateri ilikaa bila umeme, na kwa kuwa ina kufuli nzuri, akaigeuza kabati la buti. Wateja waliofungua mfuniko wakitafuta soda walikuta namba 42. Kidogo kidogo wengine walinunua. Alipoanza kuuza tena, kila mwezi salio lilipunguza kodi yake, mpaka zile milioni 2.4 zikaisha bila noti moja kupita mkononi mwake. Amelipwa, na mpaka leo anaapa hajalipwa.

Basi wewe mwenye duka, usianze kwa kuuliza marejesho ya kodi yanachukua muda gani. Uliza kwanza kama umo kwenye foleni. Kama huuzi nje kwa karatasi za forodha, wala humo kati ya wale wengine wachache, hakuna foleni yako: tunza fakture zako zote, peleka tamko kabla tarehe 15 haijapita, na ubebe salio lako mwezi hadi mwezi. Ni njia isiyo na shangwe, lakini ndiyo inayolipa mapema kuliko zote. Na kongelateri nunua kwa pesa iliyo mfukoni, baada ya kuuliza umeme uko wapi.