Shangazi wa Meno Akujibu

Shangazi, mwanangu amerudi kutoka chuo Nairobi na mswaki wa betri. Anasema kijiti changu cha kusugulia meno ni ushamba. Nimfukuze?
Mzee, Hadado

Usimfukuze mzee wangu, betri zitaisha zenyewe. Mwambie mti huo wa caday ulisifiwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1986, kabla yeye hajazaliwa. Ila nami nikuulize: kijiti hicho kimekaa mfukoni tangu lini, pamoja na tumbaku na noti za mbuzi? Menya ganda la ncha kiasi cha ukucha, tafuna hadi nyuzi zilainike, na ncha ikichakaa ikate uanze nyingine. Sugua magego pia. Wazee wengi husugua yale tu yanayoonekana barazani! Na usiku, kabla ya kulala, tumia dawa ya meno yenye floraidi. Hapo kijana ana hoja, lakini usimwambie.

Shangazi, mume wangu hununua mswaki mgumu. Laini, asema, ni wa watoto.
Mama Watoto, Griftu

Meno si sufuria ya wali ulioungua. Mgumu hukwangua ufizi, na ufizi ukishashuka haurudi. Nunua laini, wenye kichwa kidogo kifike nyuma, uubadilishe kila baada ya miezi mitatu. Ule mgumu mpe asugulie viatu.

Shangazi, jioni natafuna miraa kwa soda nne. Mswaki gani unanifaa?
Kijana wa Jaba

Mswaki wa soda nne haujatengenezwa. Kunywa maji, kisha uniandikie tena.

Shangazi, nyama ya ngamia hunikwama katikati ya meno, nami huitoa kwa mwiba wa mgunga. Dada yangu wa Eastleigh akaniletea uzi wa meno. Siku ya kwanza nilitoka damu, nikaufungia mzigo.
Msafiri, Hadado

Damu hiyo ni ya ufizi uliovimba kwa uchafu wa siku nyingi. Uzi umeufichua tu. Kata dhiraa moja, zungushia vidole vya kati, upitishe taratibu, ukumbatie jino hili kisha lile la jirani. Usiushushe kwa kishindo. Fanya kila usiku. Damu isipokoma kwa wiki mbili, siku ya kwenda Wajir mjini pitia kwa daktari wa meno. Mwiba uache kwenye mti. Na mzigo ufunge kwa kamba, maana uzi huo una ladha ya mnanaa na mbuzi wako watautafuna kabla hujafika sokoni.